Mishono Kumi na Miwili

"Refa hakuwa na macho yule! Glavu ikipasuka pambano linasimama, inaletwa nyingine. Ndiyo sheria!"

"Angejuaje imepasuka, Crump? Ngumi zinapita kama radi, wewe unataka refa ahesabu nyuzi?"

"Manyoya ya farasi yalikuwa yanaruka ulingoni kama theluji, Tolley! Mengine yaliingia kwenye bia yangu!"

"Bia yenyewe ilikuwa ya nne. Ungemwona hata farasi mwenyewe."

Watu wakaangua kicheko.

Ndivyo ilivyokuwa kila Jumamosi mchana katika baa ya mzee Obadiah Tolley, mjini Worcester, mwaka mzima tangu Seth Hambling ampige Eli Prosser. Pambano liliisha raundi ya kumi na moja. Kufikia Krismasi masimulizi yalikuwa yamelifikisha ya ishirini na mbili, na Crump kinyozi, aliyelitazama akiwa nyuma ya nguzo, sasa eti ndiye aliyemdaka Prosser asianguke. Jambo moja tu halikutiwa chumvi: glavu ya kushoto ya Seth iliachia mshono wa ubavuni, manyoya yaliyojazwa ndani yakamwagika, Seth akaendelea kupiga kwa ngozi tupu, na Prosser akatoka ulingoni na jicho moja.

Glavu hiyo ilitundikwa ukutani, juu ya mapipa. Aliyeishona ni Keziah, binti wa Tolley. Na Jumatatu Keziah alikuwa anaolewa na Seth.

Tangu siku ile hakushona tena glavu za ngumi. Alishona za wanawake tu, laini, za kuendea kanisani. Wiki iliyopita moyo ulimshinda, akamwandikia Prosser kumwomba radhi kabla hajavaa pete. Majibu yalifika asubuhi ya Jumamosi hii, yakawa mfukoni mwa aproni yake:

"Bi Keziah. Sina cha kukusamehe. Nimepigana mara saba nikiwa nimevaa glavu ulizoshona wewe, hakuna iliyowahi kuachia hata uzi mmoja. Kabla hujalia tena, itazame ile. E. Prosser, Kidderminster."

Keziah akapanda juu ya benchi.

"We Keziah! Shuka hapo!" baba yake akafoka. "Hiyo haiguswi!"

"Niliishona mimi, baba. Nitaigusa."

Akaishusha, akaketi nayo dirishani, akaikunjua ngozi. Mishono iliyoachia ilikuwa kumi na miwili. Uzi ukikatika kwa nguvu hunyumbuka kwanza, ukawa mwembamba, ncha yake ikachanika kama brashi kuukuu. Miwili ilikuwa hivyo. Ile kumi ilikuwa mifupi, ncha zake bapa, sawasawa na ngozi.

Akahesabu tena. Kumi.

Mlango ukafunguliwa, Seth akaingia, kofia upande, watu wakimpiga mabega.

"Bwana harusi huyo! Seth, mwambie Crump ni raundi ngapi!"

"Zote alizosema mzee Crump na moja juu," Seth akajibu, akicheka. Akamwona Keziah, akaona alichopakata. Kicheko kikaishia njiani.

"Kumbe umeishusha, mpenzi?"

"Njoo ukae."

Akaja, akakaa.

"Seth, nani alikata nyuzi hizi?"

"Zilikatika. Ilipasuka, si unajua?"

"Miwili imekatika. Kumi imekatwa kwa wembe, kutokea ndani, kabla hujaivaa. Ukaacha miwili ishikilie mpaka utakapoanza kupiga kwa nguvu. Nashona tangu nina miaka tisa. Usinifundishe uzi."

Crump akaweka glasi chini polepole.

"Kez, tuongelee nje."

"Mwaka mzima mnanisema humu humu ndani. Tutaongelea humu humu."

Seth akaangalia mikono yake. Ilikuwa mikubwa, na kwa mara ya kwanza Keziah aliiona haina pa kuiweka.

"Prosser alikuwa ananizidi," akasema. "Kila mtu alijua atanizidi. Na mzee wako alisema hampi binti yake mtu aliyeshindwa."

Mzee Tolley akajikohoza. "Nilisema kwa utani tu..."

"Hukusema kwa utani, mzee."

"Na mimi?" Keziah akauliza. "Mimi nilisema hivyo?"

"Hapana. Kez, sikujua litakuwa jicho. Nilidhani nitampasua nyusi, damu imzibe, basi."

"Nimekusikia. Ulitaka kushinda, ukaiba. Hilo nalielewa, wanaume mmejaa wizi wa namna hiyo." Akaikunja ngozi ya glavu. "Lakini mimi nililia, Seth. Kila nikishika sindano naona jicho la mtu. Nilikwambia. Ukanishika, ukanifuta machozi kwa kitambaa chako, ukasema, 'Si kosa lako, mpenzi, ajali haina mwenyewe.' Ulikuwa unanifuta, na unajua!"

"Nilitaka tuoane kwanza, ndipo nikwambie."

"Nikiwa siwezi tena kuondoka."



Keziah akavua aproni, akaikunja juu ya meza, akaweka glavu kikapuni.

"Unaenda wapi?" baba yake akauliza.

"Kidderminster. Treni ya saa tisa."

Behewani alikaa peke yake mpaka kipenga kilipopigwa. Mlango ukafunguliwa, Seth akarukia ndani bila kofia, anahema. Akakaa mkabala naye. Wakashuka Kidderminster.

Aliyefungua mlango wa nyumba alikuwa Prosser mwenyewe, kisu cha kumenyea viazi mkononi, jicho la kushoto limefumba moja kwa moja. Keziah alifungua kinywa, lakini Seth akatangulia.

"Nilizikata mimi. Kabla ya pambano. Yeye hakujua."

Prosser alimtazama Seth. Hakuuliza habari ya jicho.

"Raundi ya kumi, Hambling. Nilikuwa mbele, au sikuwa?"

"Ulikuwa mbele. Tangu ya nne."

Prosser akaegemea mlango, kana kwamba ndiyo kwanza kengele imelia aende kukaa kwenye kona yake ulingoni.

"Hapa mtaani wanasema nilijilegeza makusudi," akasema. "Hata ndugu yangu. Nami nilifika mahali nikaanza kujiuliza." Akapangusa kisu kwenye suruali. "Sitaki radhi yako. Jumamosi ijayo nitakuja kwenye baa yenu. Hayo maneno uyarudie, mbele ya wote, mimi nimekaa."

"Nitayarudia."

"Bi Keziah, karibu ndani, chai ipo. Wewe, Hambling, subiri hapo nje."

Waliporudi stesheni jua lilikuwa limeinama. Seth alisimama hatua tatu nyuma yake, kama mtu asiyejua kama ana tiketi.

"Kez. Jumatatu mchungaji atatungoja."

"Utapita kwake kesho umwambie asitungoje."

"Nimemwambia Prosser kila kitu. Jumamosi nitawaambia wote."

"Nimesikia. Hiyo ni haki yake, na umefanya vyema." Akageuka, akamtazama machoni, naye alikuwa bado anampenda, hilo halikuwa limekatwa na wembe wowote. "Yangu hukunipa. Ukweli niliugundua mwenyewe."

Treni ikaingia. Seth akamfungulia mlango wa behewa.

"Sasa Jumatatu utafanya nini?"

"Prosser ana mpwa wake anayeanza ngumi," Keziah akasema, akipanda. "Nitamshonea glavu."

Akauvuta mlango, na Seth akaenda kutafuta nafasi behewa la nyuma.