Siku Tano za Milima ya Alpi na Ng'ombe Kumi na Watano

Duka la vyakula pale Matonge, mtaa wa Wakongo ughaibuni, lilifurika watu Jumamosi ile. Rolande, akiwa na gauni la kitenge cha manjano lililomkaa vizuri kiunoni, alipenya mpaka kwenye rafu ya samaki wakavu. Pakiti ya sambaza ilibaki moja tu. Aliposhika upande huu, mwanamume mrefu aliyevaa koti la kazi alishika upande ule, na hakuna aliyeachia.

"Monsieur, hii nilishaiona tangu ku mulango."

"Kuiona haiko kuinunua," yule mwanamume akacheka. "Bon, tufanye hivi. Miye minalipa, weye unapika bugali."

Jeuri ile ilimpendeza Rolande kuliko alivyotaka kukubali. Mwanamume aliitwa Bienfait, fundi wa lifti, mtu wa Bukavu kama yeye. Rolande alihudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee huko Laeken. Kabla mwaka haujaisha walikuwa hawalali bila kupigiana simu, na Tonton Polycarpe, mjomba wake Bienfait, alikuwa ameshapokea kutoka kwa baba yake Rolande, Bukavu, orodha ya mahari: ng'ombe wanane. Kikao cha kuwakabidhi kilipangwa mwisho wa Juni.

Mwezi Mei Bienfait akasema wapumue kidogo kabla ya hekaheka. Wakodi gari lenye kitanda na jiko ndani, wazunguke nchi za milima siku tano. Rolande alijua vizuri kwamba msichana hasafiri na mchumba kabla ng'ombe hawajafika. Akamdanganya baba yake kwamba ana zamu za ziada kazini, akafunga mkoba.

Lo, walichokiona! Kukodi kulikuwa euro mia moja na sitini kwa siku, na wenye gari wakazuia elfu moja na mia tano nyingine ya dhamana, hata hawajawasha injini. Dizeli gari lilikunywa kama lina kiu ya mwaka. Mpakani Uswisi wakauziwa kibandiko cha barabara cha faranga arobaini, kinachodumu mwaka mzima, wakati wao walikuwa wanapita siku mbili tu. Bienfait alimuuliza askari mara tatu kama hakuna cha siku mbili, na askari akatikisa kichwa mara tatu. Kuegesha kando ya ziwa usiku mmoja kulikuwa faranga hamsini na nane.

"Donc tunalipa cinquante-huit juu ya kulala ndani ya gari yetu wenyewe?" Bienfait alishindwa kufunga mdomo.

Lakini asubuhi walipofungua pazia, hasira ziliyeyuka. Theluji ilikuwa bado juu mwezi Mei, ziwa lilikuwa la kijani ambacho hujawahi kukiona, na ng'ombe walipita na kengele shingoni, wanene kama matajiri. Rolande alisimama pale na kikombe cha chai, akalia kwa furaha, wala hakuona haya. Halafu akachukua simu, akapiga video ndani ya gari: sufuria ya sombe, majani ya mihogo, jikoni, mashati ya Bienfait yaliyotundikwa, ndara zake mlangoni, na Bienfait mwenyewe akikoroga mboga. Yeye hakujionyesha, ili baba yake asijue yupo. Akamtumia mdogo wake Jémima aliye Bukavu, naye Jémima, kwa kiherehere chake, akaionyesha familia nzima.

Wiki moja baada ya kurudi, Tonton Polycarpe alimwita Bienfait nyumbani kwake. Orodha mpya ilikuwa imefika. Ng'ombe sasa walikuwa kumi na watano, na hakukuwa na neno la maelezo. Bienfait alipiga hesabu. Hata angeuza kila alicho nacho, asingefikisha kumi.

Alimpigia Rolande papo hapo.

"Ulituma ile video ili banione tajiri? Juu ya kupandisha bei?"

"Bei?" Rolande alirudia neno. "Bienfait, miye niko kintu ya soko?"

Akakata simu. Hakuwa amejua habari ya orodha mpya mpaka sekunde ile, na kilichomshtua zaidi ya ng'ombe ni neno lile kutoka mdomoni mwa mtu ampendaye. Siku kumi hakupokea simu yake. Alitaka kumweleza baba yake kwamba lile gari ni la kukodi, lakini angesemaje bila kukiri kwamba naye alilala humo? Alikonda, na wazee aliowahudumia wakaanza kumuuliza yeye kama amekula.

Siku ya kumi na moja alipotoka kazini alimkuta Bienfait kwenye ngazi za mlango, bado na koti la kazi. Aliomba msamaha bila kujitetea hata kidogo. Kisha akasema atampigia baba yake Rolande yeye mwenyewe, sasa hivi.

Rolande alishtuka. Kwao mchumba hazungumzi mahari na baba mkwe. Hilo husemwa na wazee, na anayelivunja huhesabiwa hana adabu. "Atakukatala kabisa," alisema.

"Alisha kunikatala. Ng'ombe quinze ni nini?"

Simu iliita mbali, Bukavu. Papa Onésime, mwalimu mstaafu, alipokea. Bienfait akaweka sauti juu ili Rolande asikie.

"Papa, shikamoo. Minaomba pardon. Ile gari haiko yangu, nilikodi siku tano. Nilienda na Rolande, bila ruhusa yenu. Makosa iko yangu. Miye niko na studio, chumba moja tu, ku Ixelles, étage ya tatu, na kazi ya lifti. Sina kingine."

Upande wa pili kiti kilisikika kikivutwa.

"Uko na nyumba?" mzee akauliza taratibu.

"Ya kupanga, papa. Lakini ni nyumba."

"Sasa sikia, mutoto. Batu bote hapa balisema uko tajiri. Miye niliona mashati, sufuria, ndara, nikasema: huyu muntu anaishi ndani ya gari. Njo maana nilipandisha, ili ushindwe, uende bila haya." Mzee akavuta pumzi. "Rolande alizaliwa ndani ya camion, lori ya mizigo, njia ya Bunyakiri, siku tulikimbia vita. Mama yake alilia usiku muzima. Nilimuahidi huyu mutoto hatalala tena ndani ya gari."

Rolande alisogea karibu na simu. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia. Machozi yalimtoka, na Bienfait akamshika mkono.

"Inarudi huit vaches, ng'ombe munane kama mwanzo," mzee akaendelea. "Na mbuzi moja ya amende, faini juu ya ile safari. Sasa unipe mutoto wangu, najua iko hapo."

Rolande alichukua simu kwa mikono miwili.

"Papa."

"Maman, unijibu kweli. Ndani ya ile gari, ulilala muzuri?"

"Muzuri sana, papa," alisema Rolande.