Wa Nne Kwenye Kamba

Kamba ilikuwa na watu watatu, lakini ilivuta kama ya wanne.

Kiongozi alilihisi hilo walipoanza tu kukatiza barafu kati ya vilele viwili, kabla jua halijalainisha theluji. Yeye alitangulia, akidunga kwa fimbo ndefu kutafuta nyufa zilizofichika. Nyuma yake alikuja mkunga, na mwisho shemeji wa kiongozi, ambaye mkewe alikuwa na uchungu wa uzazi ng'ambo ya mlima. Mwaka uliopita mume wa kiongozi alipita hapa peke yake, na barafu ikammeza mzimamzima. Maiti haikupatikana. Mjane akiulizwa, husema tu, "Hajarudi."

Ukungu ukashuka.

"Shemeji," sauti ya chini ikatoka nyuma, "kuna mtu nyuma yangu."

"Wewe ndiye wa mwisho."

"Najua."

Ikaja harufu ya tumbaku ya mumewe. Kisha nyayo, kwacha, kwacha, zikisimama waliposimama na kuanza walipoanza, huku barafu chini yao ikiguna kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani, mpaka sauti ikapanda kutoka ufani, laini, ikimwita kwa jina ambalo mumewe alilitumia chumbani tu: "Kidoti. Nisubiri. Nimechoka."

"Msijibu," mkunga alinong'ona. "Ni jini la barafu. Huvaa sauti za waliomezwa."

"Ni kaka," shemeji alisema akilia. Vidole vyake vilikuwa tayari vinafungua fundo kiunoni. "Siwezi kumwacha humu."

"Mkeo anakungoja. Kaza hilo fundo," kiongozi alimwamuru.

Kisha akaugeukia ukungu.

"Mume wangu amekufa," alisema polepole. "Nilimpenda, na amekufa. Wewe usiye yeye, baki kwako."

Kamba ikawa nyepesi ghafla, hata akapepesuka. Hakufurahi. Aliendelea kudunga theluji, machozi yakimgandia mashavuni, mpaka miguu ikagusa mawe.

Mtoto alizaliwa mchana, mzima. Wenzake wakishangilia ndani, kiongozi aliketi kizingitini kukunja kamba. Nyuma ya kitanzi cha shemeji akakuta kingine, kitupu, kimelowa. Fundo lake lilifungwa kwa mkono wa kushoto, likapindwa mara mbili, kama alivyofunga mumewe na hakuna mwingine.

Jini huiba sauti. Hilo kila mtu alilijua. Lakini mikono?

"Nilimfukuza nani?" akanong'ona.