Mama Pacha na Orodha Tano

Mama Pacha alikuwa fundi wa viungo vya bandia. Alifanya kazi katika karakana iliyokuwa nyuma ya hospitali. Karakana hiyo ilikuwa na vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza aliwapima wagonjwa na kuwafunga plasta. Katika chumba cha pili kulikuwa na tanuri, msumeno, na rafu ndefu. Juu ya rafu ilipangwa miguu ya bandia iliyokuwa ikiwasubiri wenyewe.

Kila asubuhi alivaa koti lake la kazi na kutia simu mfukoni. Kabla hajamaliza kukoroga plasta, simu ililia. Alipoanza kupiga msasa, ililia tena. Kufika saa sita mchana ilikuwa imelia mara thelathini au zaidi. Zamani alikuwa akinawa mikono na kuitazama. Siku hizi aliiacha ilie.

Mambo hayo yalianza miezi mitatu nyuma. Mama Pacha alikuwa amehudhuria mkutano wa chama cha mafundi wenzake. Mlangoni alipewa fomu. Fomu ilisema kwamba chama kina orodha tano za majadiliano kwa barua pepe. Orodha ya namna hiyo ina anwani moja tu. Ukituma barua kwenye anwani hiyo, inamfikia kila aliyejiunga. Kulikuwa na orodha ya matangazo, orodha ya nafasi za kazi, orodha ya miguu, orodha ya mikono, na orodha ya vifaa. Mama Pacha alitia alama kwenye visanduku vyote vitano. Alifikiri kwamba mwanachama mzuri ndivyo anavyofanya.

Wiki ya kwanza alisoma kila kitu. Wiki ya pili alisoma nusu. Baada ya hapo hakusoma chochote.

Jumatano moja alikuja mwashi mmoja ambaye wenzake walimwita Timazi, kwa sababu kuta zake hazikupinda hata kidogo. Alikuwa amekatwa mguu wa kulia chini ya goti baada ya ajali. Mama Pacha alikuwa amemtengenezea mguu mpya wiki tatu kabla. Timazi aliingia kwa magongo, mguu wa bandia ukining'inia begani kwenye mfuko.

"Fundi," alisema, "huu mguu wako unaning'ata."

"Tena?"

"Tena. Nimeuvumilia nikachoka. Mguu wenyewe hauna meno, lakini tazama."

Alikunja suruali. Kwenye kigutu, ngozi ilikuwa nyekundu. Sehemu mbili zilikuwa zimechubuka na kutoa maji. Mama Pacha alitazama kwa makini. Alipapasa ndani ya mguu wa bandia, kwenye sponji iliyobandikwa ili kuilinda ngozi. Hakukuta ncha wala mkunjo. Mara mbili alikuwa amepunguza pembeni, na mara mbili kidonda kilirudi.

"Unavaa soksi safi?"

"Mke wangu anazifua kila siku. Anasema nimeoa soksi."

"Kazini wanasemaje?"

Timazi alishusha suruali. "Msimamizi ameniambia atanishikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo atachukua mtu mwingine. Simlaumu. Nyumba haijengwi kwa kusubiri."

Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku ishirini na mbili. Mama Pacha alimpa dawa ya kupaka na kupunguza pembeni kwa mara ya tatu. Timazi alipoondoka, Mama Pacha alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Hakujua afanye nini zaidi, na jambo hilo lilimuuma.

Jioni, nyumbani, walikuwa wanakula. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu asiyependa makelele. Simu ililia juu ya kabati. Ikalia tena.

"Mama Pacha," alisema mumewe, "hiyo simu ina homa?"

Watoto wao mapacha wakacheka. Mama Pacha hakucheka. Aliichukua simu. Ilimwonyesha ujumbe kwamba sanduku lake la barua limekaribia kujaa. Barua ya juu kabisa ilitoka kwenye orodha ya mikono, na karakana yake haikuwahi kutengeneza mkono hata mmoja. Alibonyeza pa kujibu. Akaandika kwa herufi kubwa:

NIONDOENI KWENYE HII ORODHA. MNANISUMBUA.

Akatuma, kisha akarudi kwenye sahani yake.

Barua ile ilikwenda kwa watu mia sita na kumi na mbili.

Dakika tano hazikupita. "Na mimi niondoeni," aliandika mtu wa kwanza. "Na mimi pia," aliandika wa pili. Wa tatu alisema, "Jamani, acheni kuwajibu wote!" Naye aliwajibu wote. Simu ikawa hainyamazi. Kisha ikaja barua kutoka kwa mzee aliyemfundisha Mama Pacha kazi chuoni, yule aliyemwonyesha namna ya kukoroga plasta isifanye mabonge. Mzee alikuwa amemwandikia peke yake.

"Binti yangu," aliandika, "umesema hayo mbele ya watu wote. Njia ya kujitoa imeandikwa chini ya kila barua. Hukuiona?"

Mama Pacha aliizima simu kwa aibu.

Jumamosi wifi yake alikuja kuazima cherehani. Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa mkutubi katika chuo kimoja. Yeye na Mama Pacha walitaniana tangu siku ya harusi.

"Wifi," alisema kabla hata hajakaa, "kaka yangu ananiambia umegombana na watu mia sita kwa mpigo. Mimi nakujua, lakini hiyo imenishinda!"

"Nicheke tu. Ukimaliza, nisaidie. Nataka nijitoe kwenye kila kitu."

Wifi aliacha kucheka. Alivuta kiti. "Kwanza nikwambie. Sisi wakutubi tuna orodha yetu, na mimi ndiye msimamizi wake. Kila mwezi kuna mtu anafanya ulilofanya. Huna dhambi. Umekosea anwani tu."

"Anwani gani?"

"Orodha ina anwani ya kuzungumza. Ukituma hapo, wote wanasoma. Mambo ya kujiunga na kujitoa yana mahali pake. Fungua barua yoyote. Shuka mpaka chini kabisa."

Mama Pacha alishuka. Chini ya jina la mwandishi, kwa herufi ndogo, palikuwa na mistari miwili. Mmoja ulisema: kujitoa, bofya hapa. Mwingine ulisema: kubadili mipangilio yako, bofya hapa.

"Siku zote ilikuwa hapa?"

"Siku zote. Na ukibofya kujitoa, utaletewa barua ya kukuuliza kama ni wewe kweli. Lazima uithibitishe. Usipoithibitisha, unabaki ndani, halafu unasema mtambo mbovu."

"Haya, tubofye zote tano."

"Subiri. Hakuna hata moja inayokufaa?"

"Wifi, sijasoma barua miezi miwili. Nitajuaje?"

"Basi tuangalie. Kazini kuna jambo gani linakuumiza kichwa sasa hivi?"

Mama Pacha alimweleza habari za yule mwashi, bila kutaja jina. Wifi alisikiliza. Kisha alimwonyesha ukurasa wa hifadhi ya orodha zote tano. Barua zote zilizowahi kutumwa zilikuwa zimewekwa pale, na juu palikuwa na nafasi ya kutafutia.

"Andika neno moja tu. Lile hasa unalolitafuta."

Mama Pacha aliandika: vidonda. Zilikuja barua tisa. Nane zilikuwa za zamani. Ya tisa ilitoka kwenye orodha ya vifaa, wiki tano nyuma. Kichwa chake kilisema: Tahadhari, gundi mpya ya kopo jekundu.

Alisoma kwa sauti. Mtengenezaji wa gundi alikuwa amebadilisha mchanganyiko wake. Gundi ya zamani ilikauka kwa usiku mmoja. Hii mpya ilihitaji siku tatu. Ikifunikwa na sponji kabla haijakauka, haikauki tena. Inapata joto la mwili, inapenya kwenye sponji, na kuunguza ngozi. Mafundi watatu walikuwa wameona vidonda kwa wagonjwa wao. Dawa yake ilikuwa kung'oa sponji yote na kuanza upya.

Kopo jekundu lilikuwa kwenye rafu ya karakana. Alilifungua mwenyewe mwezi uliopita.

"Hii barua mimi ninayo?" aliuliza.

Walitafuta kwenye simu. Ilikuwepo. Ilikuwa chini ya barua elfu moja na kitu, haijafunguliwa.

Wifi hakutania. Mama Pacha alichukua simu na kumpigia Timazi.

"Vua mguu," alimwambia. "Usiuvae tena mpaka nikuambie."

"Nimekosea nini, fundi?"

"Hukukosea wewe. Nimekosea mimi. Jumatatu uniletee."

Baada ya hapo walirudi mezani. Sasa Mama Pacha hakuwa na haraka ya kujitoa kote.

"Tuchukue moja moja," alisema wifi. "Mikono?"

"Sitengenezi mikono."

"Toka. Nafasi za kazi?"

"Kazi ninayo."

"Toka. Vifaa?"

"Hiyo nibaki. Nipate kila barua, siku ile ile."

"Sawa. Miguu? Hao ndio wanaongea sana."

"Wanaongea mno! Lakini ndiyo kazi yangu."

"Basi chagua muhtasari wa siku. Badala ya barua arobaini, utaletewa moja jioni. Ndani yake wameorodhesha yote yaliyosemwa. Unasoma vichwa, unafungua unachotaka. Na matangazo?"

"Huja mara moja kwa mwezi."

"Yaache."

Alimwonyesha pia namna ya kutenga kabrasha, ili barua za chama ziingie humo zenyewe zisichanganyike na za nyumbani. "Na ukienda likizo," alisema, "usiweke lile jibu la kujituma lenyewe, la kusema hupo. Litaijibu orodha nzima, kila siku, mpaka urudi. Ingia kwenye mipangilio, simamisha barua kwa muda. Ukirudi, fungulia."

"Na kuomba radhi je? Niwaandikie wote?"

"Ukiwaomba radhi watu mia sita, watu mia sita watakujibu hamna shida. Mwandikie mwalimu wako peke yake. Lakini kabla hujatuma, tazama juu. Pale penye jina la mpokeaji. Ni mtu mmoja, au ni orodha? Kila mara, wifi. Hata ukiwa na hasira."

"Hasa nikiwa na hasira."

"Umenielewa."

Mama Pacha alimwandikia mwalimu wake mistari mitatu. Alitazama juu mara mbili kabla ya kutuma.

Jumatatu aling'oa sponji ya mguu wa Timazi. Chini yake gundi ilikuwa bado inanata, kama asali. Alikwangua yote, akasafisha, akapaka upya. Kisha aliuweka mguu karibu na dirisha kwa siku tatu, gundi ikauke kabla ya kubandika sponji mpya. Aliwaita pia wagonjwa wengine wawili ambao miguu yao ilipakwa gundi ya kopo lile. Mmoja alikuwa na wekundu kidogo. Mwingine alikuwa mzima, kwa sababu sponji ya mguu wake ilichelewa kubandikwa, gundi ikawahi kukauka.

Vidonda vya Timazi vilichukua siku kumi na mbili kukauka. Siku ya kumi na tatu alivaa mguu na kutembea kutoka ukuta mmoja wa karakana hadi mwingine. Aligeuka. Akarudi.

"Unang'ata?" aliuliza Mama Pacha.

"Umeng'olewa meno."

Alirudi kwenye ujenzi zikiwa zimebaki siku tano. Wiki ya kwanza msimamizi alimpa kuta fupi. Wiki ya pili alimpandisha jukwaani.

Mwezi uliofuata Mama Pacha alisoma muhtasari wa jioni kwa dakika kumi kila siku, baada ya kuosha vyombo. Sanduku lake halikujaa tena. Siku moja alikaa na kuandika barua yake ya pili kwenye orodha. Hii haikuwa na herufi kubwa. Aliituma kwenye orodha ya vifaa, na kichwa chake alikiandika wazi: Gundi ya kopo jekundu, jinsi vidonda vilivyopona. Hakutaja jina la mgonjwa, wala kazi yake, wala anakoishi. Alieleza alichoona, alichong'oa, na siku alizosubiri. Aliandika pia kwamba tahadhari alikuwa nayo muda wote na hakuifungua.

Watu wanne walijibu kwa kushukuru. Asubuhi iliyofuata ilikuja barua ya tano, kutoka kwa fundi asiyemjua, mtu wa mji wa mbali. Alikuwa amemwandikia yeye peke yake.

"Nina wagonjwa wawili hivyo hivyo," aliandika. "Mmoja ni mtoto. Nilidhani ni jasho. Nimewapigia simu sasa hivi wavue. Siku tatu kweli zinatosha? Mama wa mtoto ananihimiza."

Mama Pacha alinawa plasta mikononi. Alitazama pale juu penye jina la mpokeaji. Lilikuwa jina moja.

"Zinatosha," aliandika. "Lakini ziwe tatu kamili. Asikuharakishe mtu."