Sauti ya Chiriku

Chiriku alikuwa jikoni anakula mkate, mdomo umejaa, na wakati huohuo sauti yake ikacheka chumbani.

Mama yake, fundi cherehani, aliacha kukanyaga pedeli akaenda kuchungulia. Hakukuwa na mtu. Kompyuta ilikuwa inawaka, hedifoni zimelala mezani, na humo ndimo kicheko kilimokuwa kinatoka, kilekile cha binti yake, chenye kwikwi mwishoni. Alirudi jikoni kuuliza. Chiriku alifungua mdomo kujibu, akaufunga, akaufungua tena. Hakikutoka kitu.

Binti huyu hakujua kunyamaza tangu azaliwe, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku. Na sauti hiyo ndiyo ingempa kula, kwani redio ilikwisha kumchagua asome habari, aanze Jumatatu. Walikimbilia zahanati, daktari akammulika koo, akasema ni koo zuri kuliko lake mwenyewe.

Chiriku alieleza kwa kuandika kwenye simu. Alikuwa amejaribu mchezo mmoja wa mtandaoni, wa mashujaa na mazimwi, ambao watu wa kila pembe hucheza pamoja na kuongea kwa vipaza sauti. Humo kila mchezaji ana jina lake linaloelea juu ya kichwa. Siku ya kwanza tu, kwenye lango la msitu, mwanamke asiye na jina alimwita, naye akaitika.

Fundi alimwita wifi yake, mjane mkali aliyezoea kuwasomea watu wenye majini. Wifi alivaa hedifoni, akazivua upesi kama aliyeguswa na pasi. Alisema kisomo humtoa jini aliyeingia mwilini, lakini huyu hakuingia kwa mtu. Alichukua, akaenda zake. Kisha akamvutia fundi ukumbini, mbali na binti.

"Hawezi kushika sauti mbili," alinong'ona. "Akipokea nyingine, ya kwanza inamtoka."

"Basi ataichukua yangu."

"Wifi, nimekwambia ujue. Sijakwambia uende."

"Mimi nakula kwa mikono. Sauti naitumia kugombana na wateja tu. Siwezi kumwachia mwizi riziki ya mwanangu kwa sababu eti ni jini."

Mchana uleule akaketi mbele ya kompyuta. Maisha yake yote hakuwahi kucheza kitu zaidi ya karata. Mchezo ulimtaka achague umbo, na kulikuwa na wenye pembe, wenye mabawa na wenye masikio marefu, yeye akamchukua mwanamke mnene mwenye shoka, kwa sababu alionekana mtu wa kazi. Aliingia akagonga ukuta. Akarudi nyuma, akamgonga punda. Mashujaa wa dhahabu walimpita wakirukaruka, naye akaona makoti yao yote yamekatwa vibaya begani. Hakuna ambaye angeinua upanga asipasuke kwapa. Alicheka peke yake. Mbingu za zambarau zilikuwa nzuri mno, hilo alikiri. Chiriku alisimama nyuma yake akimwonyesha njia kwa kidole.

Walipokaribia lango, kelele za wachezaji wengine zilififia. Harufu ya kitambaa kilichoungua ikaanza kutoka kwenye hedifoni, nyasi za kwenye skrini zikaacha kuyumba, na chini ya lango akasimama mwanamke mrefu asiye na jina, asiyemtazama yule mnene mwenye shoka bali fundi mwenyewe, kwenye kiti chake, chumbani kwake, na midomo yake haikusogea alipoita kwa sauti ya Chiriku, ile ya jana na ile ya utotoni kwa pamoja:

"Mama. Mama, mbona umenichelewea?"

Fundi aliogopa. Wifi, aliyesimama mlangoni, alianza kusoma kwa sauti ya chini, na Chiriku, aliyeelewa sasa hivi tu mama yake amekuja kufanya nini, alimziba mdomo kwa kiganja. Fundi akakiondoa taratibu.

"Naam," alisema. "Nimeitika. Chukua, umwache mwanangu."

Kitu cha baridi kilimpita kooni, kikavutwa nje kama uzi unaotoka kwenye bobini.

"Mama!"

Aligeuka, akaona midomo ya Chiriku inasogea na sauti inatoka hapohapo. Binti alilia, akalaumu, akaomba msamaha, yote kwa pumzi moja. Fundi alimfuta machozi. Alitaka kumwambia inatosha, akakuta hana cha kusemea.

Wifi alikuwa tayari ameshika waya wa umeme auchomoe. Lakini kwenye hedifoni sauti ya fundi ilikuwa inawaita wachezaji wageni, "Njooni, wanangu, njooni huku," na wageni walikuwa wanakuja. Fundi aliushika mkono wa wifi yake, akautoa kwenye waya. Akavuta kiti.

Jini alimwona akija. "Fundi," aliita kwa sauti ileile aliyoichukua. "Niitikie, fundi."

Fundi hakuwa na cha kuitikia, na jini asiyeitikiwa hana pa kumshikia mtu. Yule mnene aliinua shoka, akatembea. Jini aliita tena, kwa nguvu zaidi, kisha akapiga hatua moja nyuma, akaanza kuomba aachwe.

Katika maisha yake fundi hakuwahi kuisikia sauti yake mwenyewe ikiomba. Aliiacha iombe, akasonga mbele.