King'ora Kilichonyamaza Mvua Ilipozidi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zuleha alikuwa na kazi mbili: kuwageuza dagaa wa bibi yake kwenye vichanja, na kuwafukuza kunguru waliodhani dagaa hao wameanikwa kwa ajili yao. Kazi ya kwanza aliifanya kwa mikono. Ya pili aliifanya kwa mdomo, na majirani pale Ujiji walisema kunguru wote wa ufukweni wanaijua sauti yake.

Lakini adui mkubwa wa Bibi Mwanamvua hakuwa kunguru. Kunguru hula akashiba. Mvua haijui kushiba. Ilikuwa ikija kutoka upande wa Kongo, ikavuka ziwa kama mtu aliyechelewa harusi, na dagaa waliobakiza nusu siku tu wakauke wakageuka uji. Kwa hiyo Bibi alikuwa hatoki. Msiba ukitokea, alituma salamu. Harusi ikija, alituma kitenge. Yeye mwenyewe alibaki na vichanja vyake vinane, akiitazama mbingu.

Ndiyo maana Zuleha, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, alipojiunga na klabu ya kompyuta shuleni, alijua siku ya kwanza kabisa kitu anachotaka kutengeneza: kifaa cha kuitazama mvua badala ya Bibi.

Mwalimu Telesphory, mlezi wa klabu, aliwafundisha lugha ya kompyuta iitwayo Rust. Ni lugha kali. Ukimaliza kuandika, kuna programu inayoitwa kompaila ambayo husoma kazi yako yote kabla ya kuigeuza iwe lugha ya mashine. Ikiona jambo lisilokaa sawa, inakataa. Inakuonyesha mstari wenye kosa kwa rangi nyekundu, na kukueleza sababu. Wanafunzi waliipa jina la Mama Mkwe, kwa kuwa lolote utakalompikia, hakosi la kusema.

Ukutani palikuwa na ubao wa maswali. Aliyekwama aliandika swali lake kwenye karatasi akalibandika, na Ijumaa walijibiwa wote. Nusu ya karatasi zile zilikuwa za Dismasi, mvulana mpole aliyetoka Kalinzi na kukaa kwa shangazi yake. "Kwa nini nikishampa mwenzangu orodha yangu, mimi siwezi kuitumia tena?" "Kompaila inasema nimeazima kitu. Nimekiazima kwa nani?" "Nukta mkato ina umuhimu gani hata tugombane?"

"Dismasi," Elikana alimtania mbele ya wote, "huu ubao si tukuandikie hati tu, uwe mali yako?"

Wote walicheka, na Dismasi akacheka nao. Zuleha ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi. Yeye hakuwa na karatasi hata moja ubaoni, na wenzake walimwita Injinia. Jina lile lilimkaa vizuri kama gauni la sikukuu, na kama gauni la sikukuu, aliogopa kulichafua.

Kifaa chao kilikuwa hivi. Kibao kidogo kiliwekwa kwenye kichanja. Kikiwa kikavu, kilitoa namba iliyo karibu na sifuri. Kikipata maji, namba ilipanda. Ikipita mia moja na hamsini, kifaa kilituma habari kwa mawimbi ya redio hadi dukani kwa Mama Recho, juu kidogo ya ufukwe mahali ambapo vichanja havionekani, na pale king'ora kikalia. Dismasi alilehemu waya na kuzipaka nta ya mshumaa ili maji yasiingie. Zuleha aliandika programu.

Siku ya kumaliza, Mama Mkwe alikataa. Alisema, kwa maandishi mekundu, kwamba namba ya kibao inakuja katika chombo kikubwa, naye Zuleha ameiandalia chombo kidogo. Ni kweli Zuleha alikuwa amechagua chombo kidogo, kile kisichobeba namba inayozidi mia mbili hamsini na tano. Mwalimu alikuwa amewaambia wasitumie nafasi ovyo, naye alitaka sifa ya kubana matumizi.

"Vipi Injinia, kuna shida?" Mwalimu Telesphory aliuliza akipita.

"Hakuna, Mwalimu! Namalizia tu."

Mwalimu alipopita, Zuleha alifungua mtandao. Mtu mmoja wa nchi ya mbali alikuwa ameuliza swali lilelile, na jibu la kwanza lilikuwa fupi: ongeza kineno hiki mwishoni mwa mstari. Chini yake palikuwa na maelezo marefu yaliyoanza kwa onyo. Zuleha hakuyasoma. Alikinakili kineno, akakibandika, na Mama Mkwe akanyamaza kimya. Zuleha alichovya kidole kwenye kikombe, akadondosha matone matatu juu ya kibao. *Piiii!* Darasa zima likapiga makofi.

Kifaa kilifungwa kwenye kichanja cha Bibi, na Alhamisi ya wiki ile ulitokea msiba kijijini Kidahwe. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Bibi Mwanamvua alijifunga khanga yake akaondoka bila kutazama juu.

"Mama Recho," alisema, "king'ora kikilia, nifunikie turubai."

"Nenda Bibi, mpe mfiwa pole. Sisi tuna mitambo siku hizi!"

Saa saba mchana mvua ilivuka ziwa. King'ora kililia "*Pi—pii!*" halafu kikanyamaza. Mama Recho alitoka na mwavuli. Mvua ilianza kupiga bati la duka lake, lakini king'ora kilikuwa kimya kama kimekula yamini. Sasa, mvua ya Kigoma ina vituko vyake. Inaweza kumwagika mtaa wa Mwanga huku watu wa Gungu, mtaa wa pili tu, wakimeza vumbi. "Kumbe huko chini hainyeshi," Mama Recho alijiambia. "Labda kunguru ametua juu ya kifaa." Akarudi kukaa.

Bibi aliporudi jioni, dagaa wa wiki nzima walikuwa wameloa hadi ndani. Hakupiga kelele. Alichukua wachache kiganjani, akawanusa, akawarudisha. "Hawa ni wa kuku," alisema. Zuleha angependa zaidi kama angepigiwa kelele.

Kesho yake klabu ilikaa kikao. Mwalimu Telesphory alisikiliza maelezo, akakuna kidevu. "Manyunyu yalipoanza kililia. Mvua ilipozidi kikazimika. Hapo maji yameingia kwenye waya."

Macho yote yalimgeukia Dismasi.

"Labda nta niliipaka nyembamba," Dismasi alisema, akitazama mikono yake.

"Fundi wa kuloweka!" Elikana alidakia.

"Elikana, nyamaza. Dismasi, kwa sasa kazi ya kulehemu mwachie mwenzako. Utarudi ukishafanya mazoezi zaidi."

Zuleha aliyakumbuka maandishi mekundu. Lakini huenda kweli ni waya, alijiambia. Nani anajua?

Alasiri ile aliomba kifaa na king'ora akaenda navyo nyumbani, akaviweka kwenye ngazi ya mlango. Tone moja: *piii!* Akamimina kikombe kizima. Kimya. Akakausha kibao kwa kitambaa, akarudia. Tone, kelele. Kikombe, kimya. Kisha akabandua nta ya Dismasi kwa ukucha. Ndani, waya zilikuwa kavu kama njugu za kukaanga.

Basi nani anajua? Sasa alijua yeye.

Alikaa pale na mawazo mawili yakimvuta kila moja upande wake. Angeweza kurekebisha programu kimyakimya, akasema, "Nimezikaza zile waya," na jina la Injinia likabaki safi. Tatizo ni kwamba hakujua namna ya kurekebisha. Hakuwa amewahi kukielewa kile kineno. Ili ajue, lazima aulize. Na akiuliza, kila mtu atajua alichofanya.

Jumamosi asubuhi, alipoteremka ufukweni, alimkuta Dismasi ndani ya maji hadi magotini, anasugua kichanja kwa mchanga. Vitano vilikuwa vimeshasafishwa. Bibi Mwanamvua alikuwa pembeni, ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

"Huyu mwenzako amenijia tangu alfajiri," Bibi alisema. "Amenisalimia kwa Kiha, 'Mwakeye, Bibi, nimekuja kuomba radhi.' Nikamwambia radhi nimetoa, nenda kalale. Hataki. Anasema mikono iliyoharibu ndiyo isafishe."

"Vimebaki vitatu tu, Zuleha," Dismasi alisema, akitabasamu kama mwenye deni. "Harufu itatoka."

Zuleha alishuka hadi maji yakamgusa miguu.

"Toka kwenye maji, Dismasi."

"Namaliza."

"Nimesema toka! Waya zako hazina kosa. Nilizibandua jana, kavu kabisa. Ni mimi. Kompaila ilinikataza, sikuielewa, nikaogopa kuuliza. Nikatafuta kineno cha kuifunga mdomo. Tena darasani nilikuwa najua, au karibu nijue, nikakuacha uchekwe. Nisamehe. Bibi, nisamehe na wewe."

Dismasi alisimama na kichanja mkononi, maji yakimchuruzika.

"Kineno gani?" aliuliza.

"Nini?"

"Hicho ulichoweka. Kinafanya nini?"

"Ndiyo sijui!" Zuleha alisema, na katikati ya machozi akajikuta anacheka. Dismasi naye akacheka. Hata Bibi alicheka, ingawa alijificha kwenye ncha ya khanga.

"Vichanja vitatu vilivyobaki ni vyako," Bibi alimwambia mjukuu wake. "Halafu mwende kwa mwalimu wenu. Wote wawili."

Jumatatu Zuleha alisimama mbele ya klabu akasema yote, bila kuruka neno. Elikana alitaka kuchomekea la kwake, lakini alipoona uso wa Mwalimu, akalimeza. Kisha Zuleha akauliza swali lake la kwanza tangu klabu ianze: "Kwa nini mvua kidogo inaonekana, na mvua kubwa haionekani?"

"Kibao kikiloa sana kinasoma ngapi?" Mwalimu aliuliza.

Walimwagia maji. Mia tano na ishirini.

"Na chombo chako kinaishia mia mbili hamsini na tano. Namba isiyoenea huenda wapi?"

Mkono mmoja ukapanda, na sote tunajua ni wa nani.

"Mwalimu, ni kama mita ya pikipiki ya Mzee Adolf kule Kalinzi. Ilifika tisa tisa tupu, kesho yake ikasoma sifuri. Akamuuzia mtu wa Kasulu akimwambia haijatembea!"

Darasa lilivunjika mbavu. Mwalimu alisubiri litulie. "Ndivyo hasa. Kikijaa, kinaanza upya. Mia tano na ishirini imezunguka mara mbili, ikaja kutua kwenye nane. Nane ni pakavu. Kile kineno, Zuleha, maana yake ni kuiambia kompaila, 'Itie hivyohivyo, lawama ni zangu.' Nayo ikakutii."

Zuleha alibadilisha chombo kidogo kwa kikubwa, akafuta kile kineno. Mama Mkwe aligoma sehemu nyingine mbili. Safari hii Zuleha alimwita Mwalimu mara mbili, na Dismasi mara moja. Kisha walimwagia kibao ndoo nzima ya maji, na king'ora kikalia hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza kuna moto wapi.

"Bado jambo moja," Mwalimu Telesphory alisema. "Nami nilitoa hukumu kabla ya kupima. Kikombe kimoja cha maji kingeniambia ukweli. Dismasi, nimekukosea. Chukua chuma chako cha kulehemu."

Wiki ya pili yake, siku ya Jumapili, mbingu ya upande wa Kongo ilifanya giza. Yalianza manyunyu, na king'ora kikalia. Mvua ikakaza, kikazidi kulia. Mama Recho alishuka mbio na turubai moja, Zuleha na Dismasi wakakamata la pili, na Bibi Mwanamvua akawa anaamuru kama nahodha: "Vuta huku! Weka jiwe! Si hapo, hapo!" Walipomaliza, wote wanne walikuwa wameloa chepechepe. Dagaa chini ya turubai walikuwa wakavu, wanalia *kwaru kwaru* ukiwagusa.

Walijibanza chini ya paa la duka. Bibi alikamua khanga yake, akamgeukia mjukuu wake.

"Nimeanika dagaa miaka arobaini," alisema. "Nimekosea kila namna unayoijua. Niliwahi kuanika juu ya siafu. Niliwahi kumwamini paka. Makosa hayo yote watu walinicheka, na kesho yake nikajua zaidi. Kutojua hakujawahi kuniloweshea dagaa, Zuleha, maana asiyejua huuliza, na akiuliza huambiwa. Walioniloweshea dagaa siku zote ni wanaojua kwa uongo. Hao huwa hawaambiwi, kwa kuwa wameshasema wanajua. Umenielewa?"

Zuleha alikuwa karibu kuitikia ndiyo. Akasita.

"Sehemu ya paka sijaielewa, Bibi."

"Vizuri," Bibi Mwanamvua alisema, akavuta kigoda. "Kaeni niwaeleze."