Msimu Mzuri wa Kwenda Pwani

"Usisafiri mwezi huu," karani wa tiketi za mabasi na treni alimwambia kijana aliyekuwa mbele ya foleni, na waliokuwa nyuma wakaguna. Ofisi ilikuwa imefurika, feni zimekufa, na kila mtu alitaka kufika kwao.

Kijana alikuwa fundi wa friji, mikono ya ovaroli yake ya bluu imefungwa kiunoni. "Kwani hapa mnauza safari au mnazizuia?"

"Nakusaidia tu. Mvua imeanza, na barabara ya jimbo la pwani hujaa maji. Treni ndiyo ya uhakika, ila haiendi kila siku. Ukisubiri msimu mzuri, utafika hata viatu havijachafuka."

"Mama yangu yuko huko, dada. Mama hana msimu."

Karani akacheka. Alivaa blauzi ya manjano, miwani ikining'inia kifuani kwa mkufu, na alimkatia kiti kizuri kuliko vyote. Fundi aliporudi kutoka pwani alikuja kutengeneza zile feni bila kuitwa na mtu. Baada ya hapo kila siku alipata sababu ya kupita. Mwezi haujaisha, alikuwa akimwita Ratiba, naye Ratiba akiitika kwa sauti ambayo wateja hawakuwahi kuisikia.

Ratiba alimzidi fundi miaka minane. Fundi hakulitaja jambo hilo hata mara moja. Mwenye kulala nalo na kuamka nalo alikuwa Ratiba mwenyewe.

"Nikupeleke ukamwone mama, kisha tuoane," fundi alisema. "Moyo unamsumbua. Nataka akuone angali na nguvu."

"Tutakwenda, mpenzi. Mvua ipungue kwanza."

Mvua ikapungua. Ratiba akasema likizo zimeanza, mabasi yamejaa. Likizo zikaisha, akasema joto la pwani litawaua.

"Haraka haraka haina baraka," alimbembeleza.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Ratiba wangu."

Siku moja fundi alimpigia mama yake na kuweka simu katikati yao. "Mwambie mkwe wangu aje tu," sauti ya mama ilisema, pumzi fupi, yenye kicheko. "Hata ikinyesha, nyumba hii ina paa."

"Nakuja, mama," Ratiba alijibu. "Treni ikimaliza kutengenezwa tu."

Uongo mtupu. Treni ilikuwa nzima, na yeye ndiye aliyeuza tiketi zake asubuhi ile. Lakini kila alipojitazama kwenye kioo, aliona mvi mbili juu ya paji la uso na kumsikia mama mtu akiuliza: huyu ni mchumba au shangazi? Akaona heri kuchelewa kuliko kukataliwa.

Fundi aligundua kuhusu treni, kama ilivyokuwa lazima.

"Sema tu hunitaki," alimwambia kwenye simu.

"Nakutaka. Sio hivyo."

"Ni vipi, basi?"

Ratiba akaanza kutaja joto la pwani, na fundi akakata simu. Hakupiga tena.

Mvua zilirudi. Asubuhi moja Ratiba aliinua macho akamwona fundi kwenye dirisha la karani mwenzake, amelowa, akinunua tiketi ya mtu mmoja.

"Barabara ni mbaya leo," ulimi wake ukaropoka. "Ungengoja treni..."

"Mama amefariki," fundi alisema bila kumtazama. "Nataka basi linaloondoka sasa."

Ratiba alifunga dirisha lake, foleni ikipiga kelele, akapanda basi lilelile na blauzi yake ya kazini. Alikaa kando ya fundi. Barabara ilikuwa na maji, ndiyo. Dereva alipunguza mwendo kidogo, akapita.

Baada ya maziko, dada yake fundi alimshika mkono Ratiba akamwingiza kwenye chumba kidogo chenye kitanda kilichotandikwa vizuri. "Hiki kilikuwa chako. Kila ulipotaja mwezi wa kuja, mama alikitandika upya. Hakukubali tumsaidie."

Ratiba alitoka barazani akilia. "Niliogopa," alimwambia fundi. "Nimekuzidi umri. Nilijua atanikataa."

Hatimaye fundi alikuwa amejibiwa, na jibu lenyewe lilikuwa dogo mno.

"Mama alijua. Nilimwambia mapema kabisa."

"Alisemaje?"

"Acha."

"Niambie alisema nini."

"Alifurahi. Alisema mwanamke mtu mzima hachezei wakati."

Mvua ilikuwa bado inanyesha. Ratiba alikaa chini kwenye ngazi, akaomba msamaha, na fundi akamsamehe pale pale, kwa sauti ya upole. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ila sitakuoa," alisema. Akaingia ndani kuwapokea waliokuja kumpa pole.