Eda ya Nkambo Rabia

"Pole, mama. Bwana yako alikufa."

Hivyo tu. Askari wa mpaka pale Sakania alisema maneno hayo akiwa ameshika karatasi ya Rabia kwa vidole viwili. Treni nyuma yake ilikuwa bado inatoa moshi.

"Bwana yangu gani?" Rabia akauliza.

"Nasoro. Mushona magodoro wa Kenya. Si ndiye bwana yako?"

"Ndiye."

"Nimepiga simu mujini na namba ya hii karatasi. Banasema dosie ilifungwa. Bwana alikufa, sasa ni wiki mbili na kitu."

Ndugu zangu, ngojeni niwaambie huyu Rabia ni nani kabla hajaanguka, maana ataanguka.

Ni nkambo yangu, mzazi wa mama yangu. Nyie wa pwani mngesema bibi, lakini kwetu Lubumbashi bibi ni mke, kwa hiyo tusichanganyane. Mwaka ni 1962. Katanga imejitenga na Kongo, ina bendera yake, ina askari wake, na ina karatasi zake… karatasi mpaka basi.

Rabia alikuwa anatoka Ndola, ng'ambo ya mpaka, kumzika mama yake. Kaburi bado bichi. Na sasa huyu kijana wa sare anamwambia na mume naye kaenda.

Akaanguka palepale kwenye kokoto za reli.

Turudi nyuma kidogo.

Nasoro alizaliwa Kasongo, kule Maniema. Alikuja Lubumbashi akiwa kijana, enzi hizo mji ukiitwa Elisabethville, akaanza kazi ya magodoro kwenye commune ya Kenya, mtaa wa palepale mjini, si ile nchi. Unapiga pamba kwa fimbo mpaka ivimbe, unajaza, unashona. Kwa miaka kumi na mbili, nusu ya Kenya ililala juu ya kazi ya mikono yake.

Halafu siku moja ikatangazwa kwamba wa kuja wote waombe kadi ya kukaa daima. Asiyepewa, arudi kwao. Na kati ya Katanga na Maniema wakati ule ilikuwa vita.

Nasoro akaomba. Akapewa resepise, karatasi ya kuonyesha kwamba dosie, faili ya maombi yake, imepokelewa, nakala moja yake na moja ya mkewe. Chini yake kwa herufi ndogo ndogo: watu wa nyumba hii wasitoke nje ya nchi mpaka jibu lipatikane. Na ajenti wa biro, ofisi ya hizo kadi, angepita siku yoyote kuwaona wote wawili kwa macho.

Rabia mwenyewe alizaliwa palepale mjini. Lakini mwanamke aliandikwa chini ya mumewe, basi.

Wakangoja. Mwezi wa saba wa kungoja, mwisho wa Agosti, ikaja telegramu kutoka Ndola: mama anaumwa sana, anakuita.

"Nitaenda, nitarudi," Rabia akasema.

"Na ajenti akikuja?"

"Wifi atasema niko sokoni."

Nasoro akamhesabia nauli mkononi. Mwisho akasema, "Mama ni mama. Enda."

Wifi mwenyewe ni Alima, dada yake Nasoro. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya yao, zinagawana ukuta mmoja.

Ajenti alikuja siku ya nne baada ya Rabia kuondoka. Monsieur Lucien, shati limepigwa pasi, daftari kwapani. Nasoro alikuwa amepeleka godoro mtaa wa Katuba. Mlango ukafunguliwa na Alima.

"Mama wa nyumba iko?"

"Iko ndani."

"Mwite. Namuona, naandika, naenda zangu."

Hapo sasa… mimi nimemsamehe huyu Alima, shangazi ya mama yangu, lakini bado ananichosha. Hakuwa mjinga. Alikuwa na huruma nyingi na mdomo mwepesi, na hivyo viwili vikikaa pamoja ni hatari. Akisema sokoni, huyu atakaa kungoja. Akisema mgonjwa, atataka kuchungulia. Akatafuta sababu ambayo mwanaume mwenye adabu hawezi kuivuka.

"Hawezi kuonekana na banaume," akasema. "Iko mu eda."

Kwa msiojua, eda ya mjane wa Kiislamu ni miezi minne na siku kumi. Anakaa ndani, hajipambi, wanaume wa nje hawamwoni. Lucien alikuwa Mkatoliki, lakini kakulia Kenya na jirani Waislamu. Alijua. Akavua kofia.

"Pole sana," akasema. Akaandika kwenye daftari, akaondoka bila kuuliza tena.

Alima akafunga mlango anacheka. Amemshinda mtu wa serikali, ni jambo dogo hilo? Akaenda zake kusonga bukari, ugali wetu. Katikati ya kusonga, mwiko ukasimama.

Eda ni ya mjane. Na pakiwa na mjane, kuna mume aliyekufa.

Hakumwambia mtu. Alikula bukari yake, akalala, na kesho yake akamsalimia kaka yake kama kawaida.

Haya, turudi Sakania.

Askari alimwinua Rabia, akampa maji. "Kwa haki ningekurudisha Ndola," akasema. "Hii karatasi inakataza kutoka. Lakini enda, mama. Enda ukalie bwana yako." Akapiga muhuri wa kuingia juu ya resepise.

Njia nzima Rabia alijiuliza nani alimwosha, nani alimfunga taya, kama aliita jina lake. Alitoa hereni akazifunga kwenye pindo la khanga. Kule Ndola alimlilia mama yake kwa sauti, na watu walimshika. Ndani ya treni hakuna aliyemjua, kwa hiyo alilia kimya kimya mpaka kichwa kikawa kizito.

Alifika Kenya mchana. Kabla ya kufika mlangoni akasikia pum… pum… pum.

Mtu anapiga pamba.

Hasira zikampanda. Wiki mbili tu, na mtu keshashika fimbo ya marehemu! Akasukuma mlango wa uani, yuko tayari kwa vita.

Alikuwa Nasoro. Pamba imejaa ndevuni.

"Umerudi," akasema. "Mama iko namna gani?"

Rabia akampiga. Akampiga kifuani kwa mikono yote miwili, analia, anamshika mashavu, anampiga tena. Nasoro hakuelewa kitu. Alima alitoka kwake, akaona masikio ya wifi yake hayana hereni, akakaa chini kwenye vumbi.

"Ni miye," akasema. "Niliongea vibaya."

Wiki hiyohiyo barua ikaja. Mjane wa Nasoro afike bironi.

Asubuhi ya kwenda, Nasoro alimshika mkono. "Useme ukweli. Useme niko muzima. Bakitufukuza, tufukuzwe wote wawili. Usinizike, Rabia."

"Sitakuzika," Rabia akaahidi.

Lucien alikuwa nyuma ya meza, na kadi mpya mbele yake, nafasi ya jina ikiwa tupu.

"Sheria iko hivi, mama. Bwana akikufa, dosie yake inafungwa. Lakini weye ulizaliwa hapa. Mjane aliyezaliwa hapa tunamupa kadi leo leo. Useme tu mbele yangu. Ni kweli bwana alikufa?"

Sasa jiwekeni pale alipo. Akisema hapana, basi ile eda ilikuwa uongo, yeye alikuwa Ndola, na muhuri wa Sakania uko ndani ya pochi yake. Wote wawili wangewekwa kwenye treni na kupelekwa kwenye mapigano. Akisema ndiyo, anayo nyumba, na Nasoro atajificha kwa Alima, nyuma ya ukuta.

Alikwishamlilia mara moja, kutoka Sakania mpaka Kenya. Alijua uzito wake.

"Alikufa," akasema.

Lucien akaandika. Mkaaji wa daima. Mjane. "Eda yenu ni muda gani tena?"

"Miezi minne na siku kumi."

"Nitakuwa napita kusalimia."

Nasoro aliisoma kadi ile taratibu, neno moja moja, mpaka akafika penye neno mjane. Akakunja blanketi lake, akachukua fimbo ya pamba, akahamia kwa Alima.

Na Rabia akakaa eda. Eda kamili, ndugu zangu, kwa mume anayepumua upande wa pili wa ukuta. Nguo nyeupe, hakuna wanja, hakuna kutoka. Lucien alipita mara mbili, akasema pole mlangoni, kofia mkononi. Kenya nzima ilijua, na Kenya nzima ilinyamaza.

Nasoro hakumtumia salamu hata moja. Lakini kila asubuhi, nyuma ya ukuta, pum… pum… pum. Rabia aliamka kabla yake akae karibu kusikiliza. Nkambo aliniambia hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya miezi minne.

Mwisho wa Desemba risasi zikalia mjini. Siku mbili ukuta ukawa kimya. Rabia hakula. Alifikiri Mungu amemkubalia kile alichosema mbele ya Lucien. Siku ya tatu fimbo ikalia tena, polepole, na yeye akalia na uso ndani ya godoro.

Januari, Katanga ikashindwa vita, ikaisha kama nchi. Bendera ikashushwa, biro ikafungwa, Lucien hakuonekana tena. Ile kadi ya daima ilikuwa na miezi minne na siku chache tu. Na nchi iliyoitoa haikuwepo tena.

Siku eda ilipokwisha, mtu akabisha.

"Hodi."

"Nani?"

"Marehemu."

Rabia akaegemea mlango. "Ungali na hasira?"

"Ninayo. Fungua."

Mama yangu alizaliwa Oktoba ya mwaka ule.

Kadi ile nimeishika kwa mikono yangu. Nkambo aliiweka kwenye bati la biskuti mpaka anafariki. Niliwahi kumuuliza kama anajuta. Akasema, "Kwenda kwa mama yangu, sijuti hata siku moja. Najuta nilimuahidi bwana yangu neno moja, nikasema lingine."

Kwa nini ninawaandikia leo?

Niko Lyon. Resepise yangu iko kwenye droo, huu ni mwezi wa kumi nangoja jibu la kukaa. Tangu Jumanne mama yangu amelazwa Lubumbashi, na daktari amesema wanaotaka kumuona waje. Mwanasheria anasema nikitoka sasa, huenda nisirudi.

Virginie, ninayekaa naye, ana huruma kama shangazi Alima. "Enda tu," ananiambia. "Maajenti wakibisha, nitatafuta cha kusema."

Tiketi nimekata, ni kesho. Virginie nimemkalisha kwenye kiti, nimemshika mikono, nimemwambia asitafute kitu. Wakibisha, useme amekwenda kumuona mama yake. Hivyo tu. Usimuue mtu.